Hazina Zilizozama Baharini: Kazi ya Mpiga Mbizi, ya Msoma Nyaraka na ya Wakili

Watu wengi wakisikia habari za hazina iliyozama, anayewajia akilini ni mpiga mbizi. Humwona akishuka na mtungi wa hewa mgongoni, akipekua mchanga, kisha akiibuka na sarafu mkononi, na kwao kazi yote ni hiyo. Wanaosahaulika ni watu wawili ambao bila wao mpiga mbizi angeshuka mahali pasipo na kitu, au angepandisha mali ambayo hatimaye ingeondoka mikononi mwake. Wa kwanza ni yule anayekaa miezi mingi akisoma nyaraka za kale, na wa pili ni wakili anayezipeleka nyaraka hizo mbele ya jaji. Katika kesi kubwa za miaka hamsini iliyopita, kilichoamua hazina ipatikane au isipatikane, na iende kwa nani, kilikuwa karatasi. Sisi tunaoshughulikia malikale ya pwani tunalisema jambo hili kila tunapokutana na wavuvi, wazamiaji na wanafunzi, kwa sababu kutolijua kunazigharimu nchi zetu.

Tuanze na galeoni, yaani meli kubwa ya matanga, ya Kihispania iliyoitwa Nuestra Señora de Atocha. Ilizama Septemba 1622 kwa kimbunga, karibu na visiwa vya kusini mwa Florida, ikiwa imesheheni fedha, dhahabu na zumaridi kutoka makoloni ya Hispania ya Amerika. Watu 265 walikuwamo, na waliookoka walikuwa 5 tu: mabaharia 3 na watumwa 2. Mel Fisher, mzamiaji wa Kimarekani, alianza kuitafuta kwa dhati mwaka 1969. Alikuwa na vyombo, vijana hodari wa kuzamia, vifaa vya kugundua chuma chini ya maji na watu waliomwamini kwa fedha zao. Hata hivyo alikuwa akiitafuta upande wa visiwa vya Matecumbe, na huko angeweza kuzamia maisha yake yote bila kuona kitu.

Aliyemhamisha ni Eugene Lyon, mwanahistoria aliyekuwa akifanya utafiti wake wa shahada ya udaktari katika Hifadhi ya Nyaraka za Indies, yaani za makoloni ya Hispania, mjini Sevilla, Hispania. Kazi yake ilikuwa kuinamia mwandiko wa makarani wa karne ya 17, ambao hata Mhispania wa leo hawezi kuusoma bila kufundishwa, katika mafungu ya karatasi zilizochakaa na kutobolewa na wadudu. Humo alikuta hesabu za Francisco Núñez Melián, aliyekuwa na kibali cha mfalme cha kuopoa shehena ya Santa Margarita, meli iliyozama katika kimbunga kilekile. Melián alikuwa ametaja mahali alipofanya kazi: Cayos del Marqués. Hivyo ni visiwa vinavyojulikana leo kama Marquesas, magharibi ya Key West, zaidi ya kilomita 100 kutoka pale Fisher alipokuwa akihangaika. Jina moja la mahali, lililoandikwa na karani aliyekuwa akitoa hesabu ya matumizi, ndilo lililouhamisha msako mzima.

Hesabu zilezile zina jambo jingine ambalo, kwa maoni yangu, lina uzito kuliko fedha yenyewe. Melián alitumia kengele kubwa ya shaba iliyoshushwa majini ikiwa na hewa ndani, na waliozama kwa ajili yake walikuwamo watumwa, ambao mmoja wao aliahidiwa uhuru endapo angeiona meli. Watu hao walifanya kazi ya mwili iliyo ngumu na ya hatari kuliko zote katika habari hii, nao hawakuwa na hiari. Leo tunajua kwamba walikuwapo, na tunajua walichokipandisha, kwa sababu mtu wa mezani aliandika. Wangapi wengine walizamishwa katika bahari za dunia, ikiwamo ya kwetu, kutafuta lulu na kuopoa mali za meli, na hakuna karani aliyewaandika?

Nyaraka zilifanya kazi tena mwaka 1973, wazamiaji wa Fisher walipopandisha mikuo mitatu ya fedha, yaani vipande vya madini hayo vilivyoyeyushwa na kumiminwa kama matofali. Mikuo hiyo ilikuwa na namba zilizochongwa juu yake, na Lyon alipozilinganisha na orodha ya shehena ya Atocha aliiona ile mikuo imo, pamoja na uzito wake. Hapo ndipo ilipothibitika kwamba meli iliyopatikana ndiyo iliyotafutwa. Ila asidhani mtu kwamba naidunisha kazi ya majini. Tarehe 20 Julai 1975 chombo cha wazamiaji kilipinduka usiku, na mwana wa Fisher, Dirk, mkewe Angel na mzamiaji mwenzao Rick Gage wakafa. Lundo kuu la shehena lilipatikana miaka 10 kamili baadaye, tarehe 20 Julai 1985. Gharama ya namna hiyo hailipwi na anayesoma karatasi Sevilla, na kila anayeandika kuhusu Atocha ana wajibu wa kuitaja.

Wakati wazamiaji wakiendelea kuchimba mchanga, mawakili walikuwa mahakamani. Fisher alikuwa amelipatia jimbo la Florida robo ya vitu vilivyopatikana, kwa mikataba iliyosimama juu ya imani kwamba sakafu ile ya bahari ni ya jimbo. Kesi nyingine, iliyohusu mipaka tu, ikaonyesha mwaka 1975 kwamba haikuwa ya jimbo. Serikali kuu ya Marekani nayo ikajitokeza kudai, ikashindwa. Mwaka 1982 shauri lilifika Mahakama ya Juu, ambayo ilikubali kwamba vitu vilivyokuwa mikononi mwa maofisa wa Florida vingeweza kuchukuliwa kwa amri ya mahakama, kwa kuwa maofisa hao hawakuwa na msingi wa kuvishikilia. Matokeo ya kesi hizo yaliwatia wasiwasi watunga sheria, na sheria ya mwaka 1987 ikayapa majimbo ya Marekani umiliki wa meli zilizotelekezwa na kufukiwa katika sakafu ya bahari yao.

Ni vizuri msomaji aelewe kwamba mahakama za bahari zina njia mbili tofauti za kuitazama meli iliyozama. Kwa njia ya kwanza, meli inahesabiwa kuwa imetelekezwa, na aliyeipata anakuwa mwenyewe. Kwa njia ya pili, ambayo ni sheria ya uokoaji, mali inabaki ya mwenyewe au warithi wake, na aliyeiokoa anapewa tuzo inayolingana na hatari, ujuzi na gharama. Tofauti kati ya njia hizo yaweza kuwa tofauti kati ya kupata vyote na kupata sehemu. Meli iliyoitwa Central America ilizama mwaka 1857 ikitoka Panama kwenda New York na dhahabu ya California, wakafa watu zaidi ya 400. Kundi la watafiti kutoka Ohio lililoongozwa na Tommy Thompson liliifikia mwaka 1988 kwa chombo kinachoongozwa kutoka juu, katika kina cha zaidi ya mita 2,000. Mara moja makampuni ya bima yalijitokeza na kusema kwamba wao, au waliowatangulia, waliwalipa wenye dhahabu baada ya ajali ile. Mahakama ya kwanza iliwakatalia, lakini mahakama ya rufaa mwaka 1992 ilisema kwamba mwenye mali hahesabiwi kuwa ameitelekeza kwa sababu tu hakuwa na uwezo wa kuifikia. Watafiti walipewa hatimaye takriban asilimia 90 kama tuzo. Hata hivyo wawekezaji waliochangia dola milioni 12.7 walimshtaki Thompson mwaka 2005 kwa kutopata kitu, na baadhi ya mafundi waliofanya kazi melini walidai nao sehemu waliyoahidiwa. Alifungwa kwa kudharau mahakama mwaka 2015, kwa kukataa kusema ziliko sarafu 500 za dhahabu.

Kesi yenye funzo kubwa zaidi kwa serikali za Afrika Mashariki ni ya Nuestra Señora de las Mercedes. Hii ilikuwa manowari ya Hispania iliyolipuka tarehe 5 Oktoba 1804 katika mapambano na Waingereza karibu na pwani ya kusini ya Ureno, ikitoka Amerika ya Kusini na sarafu zilizofuliwa Peru. Wapata watu 250 walikufa, wakiwamo wanawake na watoto. Mwaka 2007 kampuni ya Odyssey Marine Exploration ya Florida ilitangaza kwamba imeopoa sarafu zaidi ya 500,000, zenye uzito wa tani 17 hivi, kutoka meli iliyoipa jina la siri, na ikazisafirisha kwa ndege kutoka Gibraltar hadi Marekani. Kwa ufundi, kazi ile ilikuwa kubwa, kwani sarafu ziliokotwa kwa mashine katika kina ambacho mpiga mbizi hawezi kukifikia akarudi hai.

Hispania haikupeleka mzamiaji hata mmoja. Ilipeleka mawakili katika mahakama ya Tampa, Florida, na mawakili wakapeleka nyaraka za jeshi lake la majini: amri za safari, majina ya maofisa, habari za vita. Nyaraka hizo zilithibitisha mambo mawili, kwamba meli ile ni Mercedes na kwamba ilikuwa chombo cha dola katika utumishi wa dola. Likithibitika hilo, sheria ya Marekani ya kinga ya mataifa ya kigeni inaizuia mahakama kuikamata mali hiyo, na pia kumgawia mtu mwingine. Kampuni ilidai kwamba meli ilikuwa katika safari ya kibiashara na kwamba sehemu kubwa ya sarafu ilikuwa ya wafanyabiashara. Walikuwapo watu waliojitambulisha kuwa vizazi vya wafanyabiashara hao, na Peru ilidai kwa kuwa fedha ilichimbwa katika ardhi yake. Wote walishindwa, mwaka 2009 na tena katika rufaa mwaka 2011. Februari 2012 ndege mbili za kijeshi za Hispania zilizichukua sarafu zote, na mwaka uliofuata kampuni iliamriwa kuilipa Hispania takriban dola milioni 1 za gharama za mawakili. Dai la Peru lilinisikitisha, kwa sababu waliochimba fedha ile katika milima ya Andes, wengi wao kwa kulazimishwa, hawakuwa na sauti katika shauri lolote. Lakini mahakama huamua kwa sheria iliyopo na ushahidi uliowekwa mezani.

Nchi yetu ingekuwa mahali pa Hispania katika kesi ile, tungepeleka nyaraka gani? Swali hili si la kubuni. Katika bandari ya Unguja mna kumbukumbu ya Glasgow, meli ya Sultani iliyozamishwa na Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, na ya Pegasus, manowari ya Kiingereza iliyopigwa na Königsberg ya Wajerumani Septemba 1914. Königsberg yenyewe iliangamia katika delta ya Rufiji Julai 1915. Kwa kila moja, jibu la nani mwenye haki hutegemea bendera, mikataba na karatasi, si aliyefika wa kwanza na mnyororo wa kuvutia vyuma chakavu.

Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001, ulioanza kutumika mwaka 2009, unalinda mabaki ya kihistoria yaliyokaa majini kwa angalau miaka 100, unakataza kuyafanyia biashara, na unataka yaachwe mahali yalipo kabla ya kufikiriwa jambo jingine. Haugawi umiliki, kwa hiyo hata nchi iliyojiunga nao itahitaji ushahidi wake na mawakili wake. Kwa Kenya, sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inamtaka anayegundua kitu cha kale atoe taarifa. Tanzania Bara ina sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na Zanzibar ina sheria na idara yake.

Pwani yetu ina mfano mzuri wa namna kazi hizi zinavyopaswa kuungana. Santo António de Tanná, manowari ya Kireno iliyoundwa Bassein nchini India, ilizama mwaka 1697 mbele ya Ngome ya Yesu, Mombasa, ilipokuja kuwasaidia Wareno waliozingirwa na majeshi ya Oman. Wazamiaji wa hapohapo waliiona miaka ya 1960, na kati ya 1977 na 1980 Makumbusho ya Kenya na Taasisi ya Akiolojia ya Baharini ya Marekani ziliichunguza chini ya uongozi wa Robin Piercy. Hakukuwa na lundo la dhahabu. Kulikuwa na mizinga, kasiki, kaure za Kichina na mbao za meli yenyewe. Kila kilichopandishwa kilipimwa mahali pake, kikachorwa na kupewa namba, kisha kikaanza kuondolewa chumvi, kwa sababu ubao au chuma kilichokaa baharini karne tatu huharibika upesi kikiachwa kikauke hivihivi. Kwa kila saa ya majini, watu wa nchi kavu walikuwa na kazi ya saa nyingi. Karibu miaka 30 baadaye, tasnifu katika chuo kikuu cha Texas A&M iliweza kuunda upya umbo la meli hiyo kwenye karatasi kutokana na michoro na vipimo vile. Kipimo kisichochukuliwa siku ile kisingepatikana kwa fedha yoyote.

Kwa hiyo mvuvi au mzamiaji anayekutana na mzinga, nanga ya kale au lundo la vyungu chini ya maji tunamwomba asikiguse kitu, hata kipande kimoja cha kuonyesha wenzake. Apige picha kama anaweza, aandike tarehe, kina, alama za nchi kavu zinazopimia mahali pale au namba za GPS, na jina la chombo alichokuwa nacho, kisha apeleke taarifa hiyo kwa makumbusho au idara ya mambo ya kale iliyo karibu naye na adai nakala iliyogongwa muhuri. Ofisi inayopokea nayo ina wajibu wa kuliandika jina lake katika jalada kama mgunduzi, na kulihifadhi jalada hilo mahali litakapoonekana endapo shauri litafunguliwa miaka 40 ijayo.