Uwatu, mlonge na macho ya mwenye kisukari

Juzi kliniki alikuja mama mmoja, mwaka wa kumi na mbili sasa anaishi na kisukari. Mkobani ana kopo la unga wa mlonge na chupa ya maji ya uwatu aliouloweka usiku kucha. "Daktari, macho hayana shida, hata meseji nasoma bila miwani." Nikamtia dawa ya kupanua mboni, tukasubiri, nikachungulia. Retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ina vidoti vyekundu vya damu, na karibu kabisa na kitovu cha kuonea, madoa ya njano kama samli iliyoganda.

Kisukari huharibu jicho kimyakimya namna hiyo. Sukari ikikaa juu miaka, kuta za vimishipa vya retina hulegea, vikavuja, vingine vikaziba. Retina ikikosa oksijeni huotesha mishipa mipya, dhaifu, na siku ikipasuka jicho hujaa damu. Hakuna maumivu ya kukushtua.

Mitishamba siidharau. Metformin, kidonge cha kisukari anachomeza mama huyu, chimbuko lake ni mmea wa Ulaya, Galega officinalis. Uwatu nao una nyuzinyuzi zinazochelewesha sukari kuingia kwenye damu, na unaweza kuishusha kiasi. Ila si uwatu, si mlonge, si habasoda, si karela uliothibitishwa kwa wagonjwa kwamba unakinga retina. Kilichothibitishwa ni kushika sukari na presha. Utafiti wa DCCT wa Marekani, 1993, ulionyesha kuwa wenye kisukari aina ya kwanza walioibana sukari yao walipunguza hatari ya retina kuanza kuharibika kwa asilimia 76. Hakuna jani lililofika huko.

Kinachonitia hofu ni mtu kuacha vidonge kwa sababu ya kopo, au kuchanganya mitishamba na insulini au glibenclamide, kidonge kingine cha kushusha sukari, bila kusema, sukari ikaporomoka usiku amelala. Na tafadhali sana, maji ya majani yasiingie jichoni: nimeona vidonda vya kioo cha jicho vilivyoacha kovu jeupe la kudumu.

Na mama tumeelewana: uwatu abaki nao, vidonge asiruke, makopo yote aje nayo kila kliniki. Alhamisi anachomwa sindano ya kwanza ya jicho. Atakuja na mdogo wake, ambaye naye ana kisukari na macho hajawahi kupimwa.