Wakili hauzi msitu wa kijiji

Kwenye magrupu ya huku Kondoa na Chemba, mkoani Dodoma, kuna ujumbe usiochoka kuzunguka: "Wakili akija kuwasaidia kutenga msitu, mmeshauzwa. Hata kuni hamtaokota."

Si kweli. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga hifadhi ndani ya ardhi yake na kuisimamia chenyewe. Wakili anashauri na kuandika tu. Anayeamua ni mkutano mkuu wa kijiji. Masuala ya kuni, asali na miti shamba huwekwa kwenye mpango wa usimamizi na sheria ndogo, ambazo hujadiliwa na wanakijiji kabla hazijapelekwa halmashauri ya wilaya.

Mkanganyiko unaeleweka. "Hifadhi" ni neno tunalolitumia pia kwa misitu ya serikali kuu, ambako ukikutwa na mzigo wa kuni bila kibali unaweza kukamatwa kweli. Na nani husoma mstari wa chini wa kibao cha msituni, ulioandikwa msitu ni wa nani?

Nenda kwa mtendaji wa kijiji, uombe muhtasari wa mkutano, orodha ya mahudhurio yenye saini, na ramani. Visipokuwepo, hoji, hata wakili awe mpole namna gani. Ila ujumbe ule, ndugu zangu, ukiwafikia msiusambaze.