Je, wajua kwa nini kuna falsafa inayouita ubinafsi wema?

Jumamosi moja jioni, Sinza, Dar es Salaam, kamati ya harusi ilikuwa imekaa kwenye viti vya plastiki nyuma ya baa. Mwenyekiti anasoma majina, mweka hazina anajaza daftari lake la safu tatu: ahadi, taslimu, salio. Zamu ikamfikia kaka mmoja aliyekaa pembeni na soda yake. "Mimi andika sifuri," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Bibi harusi simjui, bwana harusi nimemwona mara mbili. Leo jirani kanipa lifti, nikajikuta hapa." Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Mama mmoja akamaliza kesi kwa maneno mawili: "Ubinafsi huo."

Kwa Kiswahili, hukumu hiyo haina rufaa. Cha ajabu ni kwamba mzizi wa neno hauna kosa lolote. Tunasema sekta binafsi, mali binafsi, shule binafsi, na hakuna anayekunja uso. Bandika u- mbele, tayari umemtukana mtu.

Sasa, yupo mwanamke aliyelichukua neno la Kiingereza lenye harufu mbaya kama hiyo hiyo, akaliweka kwenye jalada la kitabu chake cha mwaka 1964 likiwa limeambatanishwa na neno "wema". Hakuteleza kalamu, alikusudia. Aliitwa Ayn Rand, na falsafa yake ni Objektivizimu. Alikuwa na maana gani?

Tuanzie kwenye duka la dawa. Rand alizaliwa mwaka 1905 Saint Petersburg, Urusi, kwa jina la Alisa Rosenbaum. Baba yake alikuwa mfamasia mwenye duka lake mwenyewe. Mapinduzi ya mwaka 1917 yalipokuja, duka likachukuliwa kwa jina la wananchi. Familia ikakimbilia Crimea, ikarudi, ikaonja njaa. Binti akasoma historia chuo kikuu, akahitimu mwaka 1924, na mwaka 1926 akatua New York. Tangu hapo, nadhani, kila aliposikia "kwa manufaa ya umma" alikuwa anaona mlango wa duka la baba yake ukipigwa kufuli la mtu mwingine.

Wazee wa Upanga na Kisutu hawahitaji mkalimani hapo. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967 na benki zikataifishwa mara moja. Mwaka 1971 ikaja sheria ya majengo: nyumba za kupangisha zenye thamani inayozidi shilingi 100,000 zikawa za serikali. Kwa mpangaji aliyechoka kunyanyaswa, haki ilikuwa imetendeka. Kwa aliyejenga kwa kudunduliza, tofali kwa tofali, ilikuwa ni lile duka la dawa la Urusi, limehamia barabara ya hapa hapa mjini.

Mwaka 1962 Rand aliieleza falsafa yake yote kama mtu aliyetakiwa asimame kwa mguu mmoja na amalize kabla hajaanguka. Ulimwengu uko ulivyo, haujali tunatamani uweje. Chombo cha kuujua ni akili, si hisia wala ufunuo. Maisha ya mtu ni mali yake, na lengo lake halali ni furaha yake mwenyewe. Na siasa inayolingana na hayo ni ubepari usioguswa na serikali. Mengine yote, dini, sanaa, kodi, mapenzi, yanatoka humo.

Ugomvi mkubwa uko kwenye hoja ya tatu. Adui wa Rand hakuwa ukarimu. Alikuwa anapigana na fundisho la Mfaransa wa karne ya 19, Auguste Comte, aliyesema wajibu wa mtu ni kuishi kwa ajili ya wengine. Rand akauliza: na hao wengine waishi kwa ajili ya nani? Ukimtoa mtu figo zake ili wawili wapone, hesabu inakubali, lakini umemfanya binadamu kuwa ghala la vipuri. Ndiyo maana kwake mwizi hastahili hata kuitwa mbinafsi. Mwizi hawezi kuishi bila jasho la mwingine, ni kupe.

Na hapa ndipo mtu wa Dar anapoinua kichwa, maana neno kupe tunalijua tangu enzi za Ujamaa, wanyonyaji walipoitwa watu wa "mirija". Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la Ujamaa la mwaka 1962, alitukumbusha methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hakutaka goigoi yeyote ale kwa mgongo wa wenzake. Rand naye hakutaka. Wote wawili wanamchukia kupe, ila kila mmoja anamwonyesha kidole mnyama tofauti: Mwalimu anamwona mwenye nyumba na mwenye kiwanda, Rand anamwona ofisa mwenye muhuri na yeyote anayesema "nina shida, kwa hiyo nina haki na chako".

Tofauti yao unaweza kuisikia katika viapo. Mwanachama wa TANU aliahidi: nitajitolea nafsi yangu kuondosha umaskini, ujinga, magonjwa na dhuluma. Katika riwaya ya Rand ya mwaka 1957, Atlas Shrugged, wahusika wanaapa kwamba hawataishi kwa ajili ya mtu mwingine, wala hawatamtaka mtu mwingine aishi kwa ajili yao. Watu wengi wanakumbuka nusu ya kwanza tu ya kiapo hicho. Nusu ya pili ndiyo ngumu, hasa kwa sisi tunaopiga simu ya "niazime elfu ishirini" kila tarehe kumi na nane ya mwezi.

Riwaya hiyo, yenye zaidi ya kurasa 1,000, mwanzoni aliipa jina la muda lenye maana ya "mgomo". Wanaogoma si vibarua. Ni wavumbuzi na wenye viwanda, wanatoweka mmoja mmoja mpaka nchi inazimika. Mei 2023 Kariakoo nayo ilifunga milango: wafanyabiashara walichoka na kamatakamata na mambo ya usajili wa stoo. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaenda kuwasikiliza. Lakini mashujaa wa Rand wasingekaa mkutanoni. Wangeondoka na funguo zao moja kwa moja. Mpemba wa Mtaa wa Kongo hana muda huo, mzigo wake uko bandarini na kodi ya fremu inahesabika.

Serikali anayoitaka Rand ina kazi tatu tu: polisi, jeshi na mahakama. Hakuwa mpinga serikali, watu wanakosea hapo. Aliwakemea waziwazi waliotaka dola ifutwe. Alichosema ni kwamba dola isipange bei, isigawe mali, isimlazimishe mtu mzima asiyemdhuru mwenzake.

Pima hilo na daladala. Kwa miaka usafiri wa jiji ulikuwa mikononi mwa UDA, shirika la umma la mabasi, watu wanasubiri kituoni mpaka miguu inavimba, na mabasi ya watu binafsi yanabeba abiria kwa kujificha. Mwaka 1983 yakaruhusiwa. Jina lenyewe linasimuliwa kuwa lilitokana na nauli ya sarafu ya shilingi tano, iliyoitwa dala, yaani dola. Rand alikuwa akivaa bruchi ya dhahabu yenye alama ya dola, na alipofariki Machi 1982 pembeni ya jeneza lake liliwekwa pambo la maua la alama hiyo hiyo, urefu wa futi sita. Mwaka mmoja baadaye jiji letu zima lilikuwa linaitaja dola kila asubuhi kwa sauti ya konda.

Haya, nenda Mwenge saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Gari limesimama, konda ameweka mkono mlangoni kama geti la reli. "Wanafunzi wawili! Wawili tu!" Binti mwenye sketi ya bluu anajipenyeza chini ya kwapa lake, anavutwa begi, anarudi chini. Mfuasi wa Rand atakwambia konda si mkatili: nauli ya mwanafunzi imepangwa na mamlaka chini ya ile ya mtu mzima, huku hesabu ya tajiri jioni iko pale pale. Umemlazimisha abebe hasara, naye anaikwepa kwa mkono. Anayetaka huruma kwa mwanafunzi ailipie kwa hiari yake. Kama maelezo ya tabia ya konda, sijasikia bora zaidi. Lakini yule binti bado yuko kituoni, na falsafa hii haina la kumwambia kuhusu kipindi cha kwanza.

Kwenye dini Rand hakubembeleza mtu. Hakuna Mungu, alisema, na imani ni kukubali jambo bila ushahidi. Hakutaka ibada ipigwe marufuku, kwa sababu dola inayokataza sala na dola inayolazimisha sala kwake ni moja. Angeipenda ibara ya 3 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 pale inaposema nchi haifungamani na dini, na angerusha kitabu dirishani alipofika kwenye neno "ya kijamaa" katika sentensi hiyo hiyo.

Mgongano wenyewe ni mzito kuliko suala la kuamini au kutoamini. Mwislamu anapotoa zaka hafanyi hisani. Qurani inasema katika mali za wachamungu imo haki ya mwombaji. Mkristo anayetoa fungu la kumi naye anasema anamrudishia Mungu kilicho chake. Kote shida ya maskini inazaa haki, au mali ina mwenyewe aliye juu ya mwenye mali. Kung'oa wazo hilo ndiyo kazi aliyoifanya Rand maisha yake yote. Kwa hiyo wale wanaochukua mistari yake ya kujituma, wakaichanganya na mahubiri ya mafanikio ya Jumapili, wanapika wali na futari kwenye sufuria moja. Mwenyewe alikataa mchanganyiko huo: hakumuunga mkono Ronald Reagan, mtu wa soko huria, kwa sababu alichanganya dini na siasa na alipinga haki ya kutoa mimba.

Mwanafunzi wake maarufu, Alan Greenspan, alikuja kuongoza benki kuu ya Marekani tangu mwaka 1987 hadi 2006, na Oktoba 2008, masoko yakiporomoka, alikiri mbele ya Bunge kwamba ameona kasoro katika namna alivyouelewa ulimwengu. Wafuasi wanajibu kwamba kuongoza benki kuu tu kulikuwa kuasi.

Kwenye sanaa yuko karibu nasi kuliko anavyodhaniwa. Shujaa wa riwaya yake ya mwaka 1943, Howard Roark, ni msanifu majengo anayekataa kunakili nguzo za Kigiriki, na mchoro wake wa nyumba za umma unapochakachuliwa anazilipua. Sisi tunaye Beda Amuli, aliyechora Soko la Kariakoo miaka ya 1970, lile lenye paa la zege kama miavuli mikubwa, lililoungua Julai 2021. Hakunakili nguzo za mtu. Jengo ni la akili ya mtu mmoja, na hela ilikuwa ya serikali ya Ujamaa. Rand angelivulia kofia jengo, kisha angedai risiti.

Na yule kaka wa Sinza? Rand angesema ana haki ya sifuri yake. Angeongeza kwamba mume anayemaliza akiba yote kumtibu mke anayempenda hajajitoa mhanga, maana amenunua anachokithamini kuliko fedha. Asichokubali ni kuchangia kwa kuogopa macho ya kamati. Ila kuna kitu daftari lile linakijua na Rand hakukijua vizuri: Dar, mchango ni bima. Jina lako linatunzwa, na siku ya msiba wako watu watafungua ukurasa ule.

Kikao kilipokwisha mhudumu akaleta bili, mweka hazina akatoa pesa za kamati. Kaka akainua mkono. "Soda yangu usiihesabu," akasema, akatoa noti ya elfu moja mfukoni, akaiweka kwenye sinia mwenyewe. Nikaona kweli huyu anakijua kiapo chote, mpaka nusu ya pili. Yule mama alikuwa ameshasimama, anatafuta kiatu chini ya kiti kwa kidole cha mguu.

"Na mafuta ya lifti, baba?"