Mtaa anaoishi mzee na afya ya ubongo wake

Ripoti ya tume ya jarida la kitabibu la Lancet ya mwaka 2024 inataja mambo 14 yanayoongeza hatari ya demensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaodhoofisha kumbukumbu na kufikiri, na ambayo yanaweza kupunguzwa. Yote yakidhibitiwa, inakadiriwa kwamba karibu asilimia 45 ya wagonjwa wangeepushwa au wangecheleweshewa ugonjwa. Wengi huisoma orodha ile wakitafuta presha na kisukari. Mimi huutafuta mtaa: upweke umepewa asilimia 5 ya wagonjwa, hewa chafu 3, majeraha ya kichwa 3, kutoushughulisha mwili 2. Yote manne huanzia, au huzidishwa, na kile anachokikuta mzee akifungua mlango.

Ndiyo maana huwashauri wenye wazazi waanze na njia anayopita mzee kila siku, iwe ya msikitini, kanisani, gengeni au kijiweni pa kahawa. Njia hiyo ndiyo mazoezi yake, na ndiyo inayompeleka kwenye salamu na mazungumzo. Kumsikiliza mtu, kukumbuka jina la mwanawe na kumjibu ni kazi kubwa ya ubongo.

Pimeni kwanza mwendo wake. Wekeni alama mbili zenye umbali wa mita 4 kwenye sakafu tambarare. Aanze hatua mbili nyuma ya alama ya kwanza, atembee kama kawaida yake, na saa ihesabu kati ya alama na alama. Zikizidi sekunde 5, mwendo wake uko chini ya mita 0.8 kwa sekunde. Sasa pimeni barabara anayoivuka. Kwa mwendo wa mita 0.8, barabara yenye upana wa mita 14 humchukua sekunde 17 na nusu. Uingereza taa za wavukao kwa miguu zilipangwa kwa mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde, na utafiti wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba wengi wa wanaume na wanawake wa miaka 65 na zaidi hawaufikii. Kwetu mara nyingi hata taa hakuna, ni zebra iliyofutika na bodaboda isiyopunguza mwendo. Mzee hasemi kwamba anaiogopa barabara. Husema "leo mwili mzito", kesho hivyohivyo, na nyumbani mkaamini kuwa ni uzee tu. Mtu wa kumvusha saa ileile kila siku huirudisha njia yake.

Baada ya barabara, tazameni mtaro. Mfuniko ukivunjika au ukiibwa, shimo humsubiri mtu mwenye mtoto wa jicho wakati wa magharibi. Akianguka na kugonga kichwa, hata kama hakuzirai, damu inaweza kuvuja polepole kati ya fuvu na ubongo, na dalili zikaja wiki kadhaa baadaye: usingizi mwingi, kuyumba, kuchanganyikiwa. Mwambieni daktari kuhusu anguko hilo hata kama mnaona limepitwa na wakati.

Mzee pia anahitaji pa kupumzikia. Mwongozo wa Wizara ya Uchukuzi ya Uingereza hutaka viti kila mita 50 mahali wanapopita watu wengi kwa miguu. Unguja na Lamu wajenzi wa zamani walishalijibu hili kwa baraza za mawe mbele ya nyumba, tena vichochoro vyembamba vina kivuli karibu siku nzima. Ukitengeneza benchi mtaani kwako, kimo cha kukalia kiwe kama sentimita 45 hadi 50 na liwe na mikono ya kujisukumia wakati wa kunyanyuka. Benchi la chini mno ni mtego: hukaa vizuri, kunyanyuka hawezi, na mara ya pili haji.

Kuhusu moshi, kinachoumiza zaidi ni chembechembe ndogo kuliko mikroni 2.5 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ambazo hupenya mapafu hadi kwenye damu na kuidhuru mishipa, ikiwemo ya ubongo. Shirika la Afya Duniani linataka wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo. Huko Ontario, Kanada, waliokaa chini ya mita 50 kutoka barabara kuu walipata demensia kwa takriban asilimia 7 zaidi ya waliokaa mbali kuliko mita 300. Hiyo si hukumu ya mtu mmoja mmoja, maana penye barabara mara nyingi pana kipato kidogo na kelele pia. Lakini kitanda cha mzee kinaweza kuhamishiwa chumba cha nyuma, jiko la mkaa likatolewa nje, na jirani akaombwa asichome taka asubuhi mzee anapotoka. Barakoa ya kitambaa haizuii chembe hizo vya kutosha.

Jambo linalonisumbua zaidi ni kumtoa mzee kijijini na kumleta mjini kwa nia njema. Kijijini anaijua njia kwa mazoea ya miaka hata kumbukumbu ikiwa imeanza kudhoofika. Mjini anaijenga upya kwa ubongo uliochoka. Ikibidi ahame, aje na kitanda na kiti chake, na kitanda kielekee mlangoni kama kule. Taa ndogo iwake usiku kuelekea chooni. Wiki za mwanzo mtembezeni njia moja tu, saa ileile, mkitaja alama asizosahau: mwembe, geti la bluu, duka la Mangi. Mangi, mama ntilie na mjumbe wapewe namba ya simu na wamjue kwa jina.

Lakini akichanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, msilaumu kuhama. Malaria, maambukizi ya mkojo, upungufu wa maji, sukari kushuka au kiharusi huja hivyo, na anatakiwa hospitali siku hiyohiyo.