Sangara wa Albert na wa Victoria: vinasaba vyao vinaweza kutuambia nini?

Maporomoko ya Murchison, nchini Uganda, yalimzuia sangara kufika Ziwa Victoria kwa maelfu ya miaka. Pale Mto Nile hubanwa kwenye mwanya wa takriban mita 7, kisha maji huporomoka zaidi ya mita 40, na samaki aliye upande wa Ziwa Albert hawezi kupanda. Waliomvusha ni watu. Miaka ya 1950 alipandikizwa Ziwa Kyoga, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa tayari Victoria. Mbegu ilitoka Albert, nyingine Turkana.

Kwa hiyo sangara (mputa) wote wa Victoria wametokana na wazazi wachache. Je, leo ni kundi moja ziwa zima, au kila ghuba ina lake? Kama ni moja, kuvua wachanga upande wa Uganda kunawagusa moja kwa moja wavuvi wa Kenya na Tanzania. Kwa macho hatuwezi kujua. Hata Albert, ambako sangara wa kawaida anaishi na ndugu yake mwenye macho makubwa, Lates macrophthalmus, wachanga wao huchanganya watu.

Ndiyo maana sisi watafiti tunahitaji alama za vinasaba. Aina inayotumika sana ni mikrosatelaiti: sehemu ya DNA ambapo herufi chache, tuseme CA, hujirudia mara 12 kwa samaki mmoja na mara 17 kwa mwingine. Kila samaki hurithi nakala moja kwa mama na moja kwa baba.

Ili kuzipata, husomwa DNA ya samaki, programu ya kompyuta ikatafuta marudio hayo, kisha hutengenezwa praima: vipande vifupi vinavyonasa kingo za marudio ili mashine ya PCR iyanakili. Kazi ngumu huanzia hapo. Alama nyingi hutupwa kwa sababu hazitofautiani kati ya samaki. Zinazonitia hofu zaidi ni zile ambazo praima hushindwa kunasa nakala moja, kwa kuwa herufi ya pembeni imebadilika. Samaki huonekana amerithi kitu kilekile kwa wazazi wote wawili, nasi tukatangaza kwamba ndugu wanazaliana wakati sivyo. Alama zilizotengenezwa kwa baramundi wa Asia na Australia, ndugu wa sangara, zinaweza kujaribiwa, lakini ni lazima zipimwe upya kwa samaki wetu.

Yote huanzia mwaloni. Tunachoomba kwako mvuvi ni kipande cha pezi, ukubwa wa ukucha, ndani ya kichupa chenye spiriti. Lebo iandikwe kwa penseli, maana spiriti hufuta wino, na sampuli isiyojulikana ilikotoka haina kazi. Samaki anabaki wako, na minofu yake haiguswi. Tunahitaji angalau samaki 30 hivi kutoka kila mwalo, waliovuliwa kwa nyavu na siku tofauti, wasije wakawa watoto wa mama mmoja.