Je, wajua hospitali huujuaje ugonjwa wa mtu asiyefika hospitalini?

Muulize yeyote aliye kwenye foleni ya daktari hapa Mombasa, Likoni au Tudor, hospitali hujuaje mtaa unaugua nini. Atakujibu: si wanahesabu wagonjwa? Daftari lipo, kila anayekuja huandikwa, mwisho wa mwezi wanajumlisha. Jibu hilo laingia akilini, na wengi tumelishika hivyo. Kumbe lina kasoro kubwa.

Daftari la hospitali ni dema, ule mtego wa samaki. Mvuvi akilipandisha asubuhi akakuta tafi watano na changu wawili, hawezi kusema kwamba baharini tafi ni wengi kuliko changu. Anachojua ni nani aliyeingia. Mlango wa dema una upana wake, chambo kina wapenzi wake, na wadogo huponyokea matunduni. Hospitali nayo ina mlango wake: nauli, ada, foleni, saa za kliniki. Mwenye homa akinunua vidonge duka la dawa na kurudi zake kazini, hakuingia. Aliyejifungulia nyumbani hakuingia. Shinikizo la damu ndilo gumu zaidi, maana haliumi, kwa hiyo mwenye nalo hana kinachomsukuma kwenda popote. Utafiti wa kitaifa wa maradhi yasiyoambukiza, STEPS, wa 2015 ulikuta kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 nchini Kenya ana shinikizo la juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa. Hakuna daftari la kliniki lingeweza kuonyesha hilo.

Dema hunasa pia samaki wa maji mengine. Hospitali Kuu ya Pwani hupokea wagonjwa wa rufaa kutoka Kwale, Kilifi, Lamu, Tana River na Taita Taveta; ukiwahesabu wote kuwa wa Mombasa, umeipa Mombasa maradhi yasiyo yake. Ndiyo maana kituo kinachotarajia watoto 1,000 huweza kuchanja 1,100 na kuripoti asilimia 110, huku nyumba zilizo nyuma yake zina watoto wasiochanjwa.

Hata hivyo daftari lina kazi yake, nayo ni kuonya mapema. Mlipuko wa chikungunya, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu, Mombasa, mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018, ulionekana kwa wagonjwa waliofika vituoni na homa na maumivu makali ya viungo.

Kujua hali ya waliobaki nyumbani, lazima uwafuate. Kwa kuwa huwezi kubisha kila mlango, unaonja. Mpishi huonja mchuzi kwa kijiko kimoja, ila kwanza hukoroga, kwani vipande huzama na tui huelea. Mji haukorogeki. Basi badala ya kijiko kikubwa kimoja, unachota vijiko vidogo 30 mahali mbalimbali.

Mahali penyewe huchaguliwa hivi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 kaunti nzima ya Mombasa. Fikiria tasbihi yenye shanga moja kwa kila mkazi, mitaa ikiwa imefuatana. Gawanya kwa 30, upate 40,278. Piga kura ya namba kati ya 1 na 40,278. Ikitoka 12,500, mtaa wenye shanga hiyo ndio wa kwanza. Ongeza 40,278, ufike 52,778, huo ni wa pili, na kuendelea. Uzuri wake ni kwamba hakuna anayependelea: Kisauni yenye watu 291,930 hupata vijiko 7 au 8, Mvita yenye 154,171 hupata 3 au 4.

Kila mahali, katika utafiti wa chanjo uliozoeleka kwa miaka mingi, ziliulizwa habari za watoto 7 wa miezi 12 hadi 23. Saba imetoka wapi? Watoto 96 waliotawanyika wangetosha kutoa jibu linalokosea kwa pointi 10 hivi za asilimia, juu au chini. Lakini majirani hufanana, wanaenda kliniki moja na kusikilizana, kwa hiyo idadi huongezwa mara mbili: 192. Gawa kwa 30 upate 6.4. Mtoto hakatiki, basi 7, jumla 210.

Jibu hilo ni la kaunti nzima. Likoni peke yake ingepata watoto 42 au 49, na hapo kosa hufika pointi 20 hivi, yaani halikusaidii kuamua lolote la Likoni. Vifo vya wajawazito navyo ni vichache mno kuonekana katika nyumba 210. Pengo hilo huzibwa kwa kiasi na wahudumu wa afya ya jamii, kila mmoja na nyumba zake 100 hivi anazoziandika katika daftari la kaya, fomu ya Wizara ya Afya MOH 513. Ila mpangaji aliyehama juzi huweza kubaki kitabuni.

Kinachoharibu utafiti mara nyingi ni miguu, yaani jinsi timu inavyozifikia nyumba. Zamani timu ilisimama katikati ya kijiji, ikazungusha chupa na kufuata ilikoelekea. Nyumba za kati zikapata nafasi kubwa kuliko za pembeni, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 ukaiacha njia hiyo. Siku hizi nyumba huorodheshwa kwanza, ghorofa za juu za Mji wa Kale zikiwemo, kisha ndipo kura hupigwa. Mlango ukiwa umefungwa, huhamii kwa jirani aliyeketi barazani, kwa sababu anayepatikana nyumbani saa nne asubuhi si sawa na anayefanya kazi bandarini au anayeuza mboga Kongowea. Unarudi jioni, unarudi Jumapili, na usipompata hata mara ya tatu unaandika kwamba hakupatikana.