Programu ya anayeanza au ya hatua ya kati? Maswali na majibu kuhusu mazoezi ya kunyanyua vyuma

Nabeba vyuma mwaka wa pili sasa. Bado nahesabiwa anayeanza?

Inawezekana kabisa. Hatua yako haipimwi kwa miaka, wala kwa unene wa mikono. Inapimwa kwa muda ambao mwili wako unahitaji ili upumzike, ujijenge na uweze kubeba zaidi ya mara iliyopita. Kwa anayeanza, siku mbili tatu zinatosha: Jumatatu anachuchumaa na kilo 40, Jumatano 42.5, Ijumaa 45. Mtu wa hatua ya kati hawezi tena kuongeza kila siku ya mazoezi. Anahitaji wiki nzima iliyopangwa vizuri ili aongeze hizo 2.5. Aliyebeba kilo zilezile kwa miaka miwili bado ana faida yote ya mwanzo mbele yake.

Programu ya anayeanza ikoje?

Siku 3 kwa wiki, na siku ya mapumziko katikati. Kila siku mazoezi 3: kuchuchumaa na chuma mabegani, kusukuma, leo ukiwa umelala benchi, siku ifuatayo ukiwa umesimama na kupandisha chuma juu ya kichwa, kisha kuvuta, yaani kunyanyua chuma kutoka sakafuni, au kuinama na kukivuta kuelekea tumboni, kwa zamu. Fanya seti 3 za marudio 5, yaani rudia zoezi mara 5 mfululizo (hiyo ni seti moja), pumzika, kisha tena hadi zitimie 3. Kunyanyua kutoka sakafuni kunachosha sana mgongo, kwa hiyo seti 1 inatosha. Kati ya seti pumzika dakika 3 hadi 5. Wengi hupumzika dakika moja, wakashindwa seti ya tatu, wakadhani programu imewashinda.

Anza na uzito ambao ukimaliza marudio 5 unahisi ungeweza mengine 3. Kwa watu wengi chuma kitupu cha kilo 20 ndicho mwanzo sahihi, na si aibu.

Usirukie moja kwa moja uzito wa siku hiyo. Ikiwa leo ni kilo 80, pasha mwili hivi: chuma kitupu marudio 5, mara mbili, kilo 40 marudio 5, kilo 60 marudio 3, kilo 70 marudio 2. Hapo ndipo uingie kwenye 80.

Jimu yetu ya mtaani ina vyuma vya makopo ya zege. Nitaongezaje kidogo kidogo?

Kwanza pima. Makopo mawili yaliyojazwa siku moja yanaweza kupishana uzito, na upande mmoja ukizidi, mgongo utajipinda kuufidia bila wewe kujua. Peleka chuma kwenye mizani ya duka la nafaka, kisha andika kilo zake kwa rangi juu ya zege. Kwa nyongeza, jaza mchanga kwenye vifuko viwili vya kilo 1 kila kimoja na uvikaze kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, kimoja kila upande, visibembee. Umepata kilo 2. Tengeneza vingine vya nusu kilo. Utavihitaji mapema kwenye zoezi la juu ya kichwa.

Nimekwama. Nihamie programu ya hatua ya kati?

Kushindwa siku moja si kukwama. Kwanza chunguza usingizi na sahani yako. Kulala kwa muda wa saa 5 tu kila usiku hakutoshi kujenga misuli. Kwa anayejenga nguvu, gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku ni kipimo kizuri. Mwenye kilo 70 anahitaji kama gramu 112. Yai lina takriban gramu 6, kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15, glasi ya maziwa kama 8. Ugali na mboga za majani peke yake havikufikishi huko.

Hayo yakiwa sawa na bado umeshindwa uzito uleule siku 3 mfululizo, punguza asilimia 10. Kutoka kilo 60 rudi 54 hivi, kisha panda upya. Mara nyingi ukuta ule utaupita. Ukigonga palepale mara ya pili au ya tatu, huku unakula, unalala na unapumzika ipasavyo, hapo hama.

Mazoezi yote yahame pamoja?

Hapana. Kusukuma juu ya kichwa ndiko hukwama kwanza, na hesabu inaeleza: kilo 2.5 juu ya 30 ni zaidi ya asilimia 8, lakini juu ya 80 ni kama 3 tu. Kwa zoezi hilo jaribu kwanza nyongeza ya kilo 1. Likigoma, lihamishe peke yake na uache kuchuchumaa kuendelee na programu ya mwanzo.

Wiki ya hatua ya kati inapangwaje?

Mpango mmoja unaofaa: Jumatatu kazi nyingi, seti 5 za marudio 5 kwa asilimia 90 hivi ya uzito wako bora wa marudio 5. Jumatano nyepesi, seti 2 kwa asilimia 80 ya uzito wa Jumatatu. Ijumaa seti moja tu ya marudio 5, ukizidisha kilo 2.5 juu ya Ijumaa iliyopita. Jumatatu inachosha mwili kwa makusudi, Jumatano inauacha upone bila kusahau zoezi, Ijumaa unavuna. Wanaoifanya Jumatano kuwa nzito hufika Ijumaa wakiwa wamechoka, na programu nzima inaharibika hapo.

Nikihama mapema, nitapoteza nini?

Kasi. Katika kuchuchumaa, kilo 2.5 kwa wiki badala ya 7.5. Kuchelewa nako kuna gharama: magoti yanaanza kuingia ndani unapoinuka, mgongo unapinda, viwiko vinauma.

Nina presha. Naruhusiwa?

Mweleze daktari kwanza, hasa kama haijadhibitiwa, au una ngiri, ujauzito, au umefanyiwa upasuaji karibuni. Kubana pumzi chini ya uzito hupandisha presha ghafla. Toa pumzi unaposukuma. Kifua kikiuma au ukiona kizunguzungu, weka chuma chini na utafute huduma.

Nilisimama miezi 3. Nirudi hatua ya kati?

Rudi programu ya mwanzo. Anza na nusu ya uzito wako wa zamani na uongeze kila siku ya mazoezi. Nguvu iliyowahi kujengwa hurudi haraka kuliko ilivyojengwa, kwa hiyo hutakaa huko muda mrefu.